Katavi kwa Gari la Kulalia: Panga Mwanga Kwanza, Kilomita Baadaye

Siku hizi si ajabu kukutana barabarani na gari lililogeuzwa chumba: Land Cruiser yenye hema juu ya paa, au Hiace iliyong'olewa viti vya nyuma ikawekwa kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Wenye magari hayo wengi huelekea Arusha na Manyara, au huteremka Tanga na Bagamoyo. Magharibi ya nchi huachwa. Nami nashikilia kwamba anayetaka milima inayoshuka hadi majini, fukwe ambako jua huzama ziwani, na nyika iliyojaa wanyama, vyote katika safari moja, aelekeze usukani Mpanda, mkoani Katavi.

Ila Katavi haivumilii mpango wa kubahatisha. Mkoa huu ulioundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa una miji michache, na kati ya kituo kimoja cha mafuta na kingine kuna misitu mirefu ya miombo. Wasafiri wengi hukwama kwa sababu walihesabu kilomita, wakazigawa kwa mwendo wa gari, kisha wakaliamini jibu. Huku hesabu huanza na msimu, ukafuata mwanga wa mchana, na kilomita zikaja mwisho.

Kwa nini hakuna barabara ya mwambao

Ziwa Tanganyika limelala katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Ardhi ilipopasuka, sakafu ya bonde ilididimia na kingo zikabaki juu. Kwa hiyo kina cha ziwa kinafikia mita 1,470, cha pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Kwa sababu hiyo hiyo, sehemu nyingi za ufuko hazina uwanda wowote. Mlima unaishia majini. Uso wa ziwa uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Nkungwe katika safu ya Mahale, upande wa Kigoma, kinafikia mita 2,462.

Wajenzi wa barabara walikwepa miinuko hiyo. Barabara kuu inapita bara, kutoka Mpanda hadi Sumbawanga, na njia za kuteremkia ziwani zinachomoza ubavuni mwake kama meno ya kitana. Jino la kwanza linatoka Mpanda kwenda Ikola na Karema. La pili linatoka Namanyere kwenda Kirando na Kipili. La tatu linatoka Sumbawanga kwenda Kasanga, kilomita 112. Kila jino ni safari ya kushuka, kulala, kisha kupanda tena. Usione Karema na Kipili zimekaribiana kwenye ramani ukadhani utapita ufukoni kutoka moja hadi nyingine na gari lililobeba nyumba. Na ukitamani kuwaona sokwe wa Mahale, jua kwamba gari litabaki nyuma: ndani ya hifadhi ile hakuna barabara, watu huingia kwa boti na kutembea kwa miguu.

Chagua msimu kwa kile unachotaka kuona

Mvua za Katavi ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Miezi hiyo usilete gari zito la kulalia nje ya lami. Udongo mweusi wa mbugani unaponyonya maji huvimba na kuteleza, na gari likizama hadi ekseli halitatoka kwa kusukumwa.

Kiangazi ni Juni hadi Oktoba, na ndani yake kuna uamuzi wa kufanya. Juni na Julai hewa ni safi, milima inaonekana vizuri na vichaka bado vina kijani, lakini wanyama wametawanyika. Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba Mto Katuma hupungua, na viboko hubanana kwa mamia katika madimbwi yaliyosalia, mandhari ambayo hifadhi chache Afrika zinaweza kuyaonyesha. Wakati huo huo joto hupanda na moshi wa moto wa nyika huziba milima ya ng'ambo ya Kongo. Anayefuata milima aje mapema. Anayefuata wanyama achelewe.

Mambo mengine mawili ya ziwani yaingie kwenye kalenda yako. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi huvuma kwa nguvu juu ya Tanganyika, hivyo ukiegesha elekeza pua ya gari kwenye upepo, la sivyo hema la juu litapigwa ubavuni usiku kucha. Pili, mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hili kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kama sehemu ya furaha yako ni migebuka wa kuchoma na dagaa wabichi, ulizia ratiba ya mapumziko ya uvuvi kabla ya kufunga mizigo.

Hesabu ya mwanga

Saa za Tanzania zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki. Mpanda iko karibu na nyuzi 31. Kila nyuzi moja ni dakika nne za jua, kwa hiyo huku jua linachelewa kwa takriban dakika 56 likilinganishwa na saa ya mkononi. Kunakucha karibu saa moja asubuhi, na jua linazama karibu saa moja jioni. Mtu wa Dar es Salaam aliyezoea kuondoka saa kumi na mbili mwanga ukiwa umejaa atajikuta anaendesha gizani.

Kwenye barabara ya vumbi gari la kulalia liende kilomita 30 hadi 40 kwa saa, pamoja na kusimama kukagua mizigo na tairi. Ondoka saa mbili asubuhi, panga kufika saa tisa alasiri. Saa nne za mwanga zinazobaki ni akiba ya pancha, ya daraja bovu, na ya kutafuta mahali salama pa kulala. Usiku viboko, nyati na ng'ombe hukatiza barabara, na taa za gari huwaonyesha wakati umeshachelewa.

Mwambao: Ikola na Karema

Kutoka Mpanda hadi Karema ni zaidi ya kilomita 100, na matengenezo ya barabara hubadilisha hali yake mwaka hadi mwaka. Uliza madereva wa malori ya samaki pale Mpanda. Wao ndio wanaojua jana palikuwaje.

Karema ina historia inayostahili siku nzima. Kituo chake cha kwanza cha Wazungu kilijengwa 1879 na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ya mfalme wa Ubelgiji, kisha 1885 kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika. Mwaka 1889 alifika Adrian Atiman, Mwafrika wa eneo la Timbuktu aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kusomeshwa udaktari Malta. Alitibu watu wa mwambao huu hadi kifo chake mwaka 1956.

Historia hiyo inakufundisha pia mahali pa kuegesha. Kituo cha 1879 kilijengwa jirani na maji, lakini miaka michache baadaye ziwa lilirudi nyuma na kukiacha nchi kavu. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga upande wa Kongo. Mlango huo ulikuwa umeziba. Ulipofunguka, ziwa lilishuka kwa mita kadhaa. Miaka ya karibuni mambo yamegeuka, maji yamepanda na kumeza nyumba na fukwe katika nchi zote zinazolizunguka. Ufuko uliosifiwa na rafiki yako miaka mitano iliyopita huenda uko chini ya maji. Egesha juu ya mstari wa takataka zilizoachwa na mawimbi, tena kwa umbali wa kutosha.

Ukifika kijijini, nenda kwanza kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji. Msalimie, jitambulishe, onyesha kitambulisho, eleza unataka kulala wapi. Huu ni mwambao wa mpaka, na gari geni linaloegeshwa kimyakimya karibu na mwalo huwapa watu wasiwasi. Ukishajulikana, utaonyeshwa mahali pazuri, na mara nyingi utapata mlinzi. Usiogelee penye matete au mdomo wa mto, kwa kuwa mamba wapo, na maji yaliyotulia yanaweza kuwa na kichocho.

Hifadhi ya Katavi

Rudi Mpanda, jaza mafuta na maji, kisha shika barabara ya kusini hadi Sitalike, kilomita zipatazo 36. Hapo ndipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa 1974, yenye kilomita za mraba 4,471. Kwenye daraja la Mto Katuma unaweza kuwaona viboko hata kabla ya kuingia. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo yakamilishe Mpanda penye mtandao wa uhakika. Ndani yake kuna maeneo ya kupiga kambi, yakiwemo ya upande wa Ikuu na Chada, lakini lete kila kitu chako: maji, chakula, taa na karatasi ya chooni.

Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi na hurudi kwa njia ile ile. Njia hiyo huonekana kama mfereji uliokanyagwa. Usiegeshe juu yake wala kati ya maji na malisho. Hema la paani ni bora kuliko la chini, na ukishapanda, usishuke hadi kukuche. Weka ndoo ya haja ndogo.

Mbung'o ni adui mwingine. Huvutwa na kitu kinachotembea, na pia na rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki au kijivu, mikono mirefu, na funga madirisha unapopita msituni. Anaweza kuambukiza malale, ingawa si kila mbung'o ana vimelea. Ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya safari, mwambie daktari waziwazi kwamba uling'atwa na mbung'o Katavi. Malale ya Afrika Mashariki huendelea kwa kasi, na mgonjwa anayetibiwa malaria peke yake hupoteza muda wa thamani.

Gari lenyewe

Tatizo kubwa la magari haya ni uzito kukaa juu. Hema na fremu yake ni kilo 60 na zaidi. Ukiongeza madumu ya mafuta na tairi ya akiba paani, gari litayumba kwenye kona na kupinduka kirahisi kwenye mteremko wa pembeni. Vitu vizito vikae sakafuni, karibu na ekseli. Hiace na Noah zinatosha kwa anayebaki kwenye lami. Njia za ziwani na za hifadhini zinahitaji gari lenye tumbo la juu na magurudumu manne yanayovuta.

Unaposhuka milima, ingiza gia ya pili au ya tatu tangu juu, uiache injini ikuzuie. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto hadi hazishiki tena, na gari lililobeba maji na familia halisimami kwa maombi. Beba tairi mbili za akiba, pampu ya upepo, chujio la dizeli, na lita 40 za mafuta zaidi ya hesabu yako, kwa sababu gari linalokula lita moja kwa kilomita nane kwenye lami linaweza kwenda kilomita tano tu kwenye mchanga. Maji ya kunywa na kupikia yawe lita tano kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili.

Onyo moja lisisahaulike. Nyanda za Ufipa zina baridi kali Juni na Julai, na Sumbawanga iliyo humo iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiwashe jiko la mkaa wala la gesi ndani ya gari ili kupata joto. Hewa ya sumu inayotoka haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Nunua blanketi.

Ratiba ninayoipendekeza

Toa siku kumi. Siku ya kwanza na ya pili kaa Mpanda: kagua gari, nunua mchele wa Mpimbwe na asali ya Inyonga. Siku ya tatu shuka Karema, lala huko usiku mbili, rudi Mpanda siku ya tano. Siku ya sita na ya saba ziwe za hifadhi. Siku ya nane pitia Kibaoni, panda ukingo wa Bonde la Rukwa hadi Namanyere, ushuke Kipili. Siku ya tisa pumzika, na ya kumi maliza Sumbawanga, ambako lami inakupeleka hadi Tunduma na Mbeya. Anayetoka Dar es Salaam aongeze siku mbili za kuja, kwa barabara ya lami ya Tabora hadi Mpanda. Asiye na gari apande treni ya Tabora hadi Mpanda na kukodi gari huko.

Nawaomba wenye magari haya: msingoje wageni wawaonyeshe Katavi. Fedha mnayoiacha kwa mwuza migebuka wa Ikola, kwa mlinzi wa kijiji na kwenye lango la Sitalike ndiyo itakayowapa wenyeji sababu ya kulinda ziwa na msitu wao. Fungeni mizigo Juni, mfike kabla jua halijazama, na takataka zenu mrudi nazo mjini.