Nani Huamua Tonsili za Mtoto Zikatwe?

Mwaka 1938, daktari Mwingereza Alison Glover alichapisha takwimu za watoto wa shule waliokatwa tonsili. Wilaya moja ilipeleka watoto wengi kwenye upasuaji, jirani yake wachache, na si hali ya hewa wala umaskini uliotosha kueleza tofauti hiyo. Huko Hornsey, London, walikatwa watoto 186 mwaka 1928. Mwaka uliofuata, chini ya daktari mwingine wa shule, walikuwa 12 tu.

Marekani nako, mwaka 1973, John Wennberg na Alan Gittelsohn walikuta katika jimbo la Vermont kiwango cha ukataji wa tonsili cha kati ya 13 na 151 kwa kila watu 10,000, kutegemea eneo. Mazoea ya madaktari yalikuwa na uzito zaidi kuliko makoo ya watoto.

Nchini Tanzania, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kuna uzito mwingine: umbali. Mzazi wa Tunduma anayepewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Kanda Mbeya ana safari ya kilomita kama 100, na juu yake nauli, chakula, mahali pa kulala na biashara iliyofungwa. Kwa hiyo upasuaji kuwa mchache si ushahidi kwamba watoto wana afya njema.

Fundi wa kukata kimeo, kinyume chake, huwa karibu. Katika sehemu nyingi za Tanzania, mtoto akikohoa kwa muda mrefu huambiwa kimeo kimerefuka. Lakini kimeo si tonsili, na kukikata hakutibu kikohozi. Mwaka 2015 madaktari wa Hospitali ya Muhimbili walichapisha utafiti kuhusu madhara na vifo vya watoto waliokatwa kimeo kienyeji. Damu humwagika, kidonda huoza, na nimonia, ikiwa ndiyo iliyoleta kikohozi, huendelea bila dawa.

Hospitalini, kigezo kinachotumika sana ni mafindofindo mara 7 katika mwaka mmoja, mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Sababu nyingine kubwa ni mtoto kukoroma na kukatika pumzi usingizini. Wasiofikia hapo wengi hupona bila kisu. Hata hivyo, mafindofindo ya bakteria yanahitaji dozi kamili, kwani yasipotibiwa yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo.

Mzazi aandike tarehe ya kila ugonjwa wa koo na dawa iliyotolewa, na arekodi kwa simu mtoto anavyokoroma. Kwa kumbukumbu hizo, daktari wa Vwawa, mkoani Songwe, au wa Mbeya ataweza kutambua ni mtoto yupi wa kusubiri na yupi wa kupewa rufaa mapema.