DRC: Akibeba mzigo hakuna anayemuuliza, akibeba begi tu anaulizwa bwana yake

Mipaka ya mashariki ya Congo inapofunguliwa asubuhi, wanaovuka wa kwanza ni wamama. Kati ya Goma na Gisenyi, Bukavu na Rusizi, Uvira na Burundi, wanapita na mboga, samaki, unga na vitenge. Wengi wao hawasindikizwi na mtu. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2011 juu ya biashara ndogo ya mipakani katika Maziwa Makuu ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya wachuuzi hao ni wanawake, na kwamba jamaa zao zinaishi kwa biashara hiyo.

Wengine wanafika mbali zaidi. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana kwa safari zao za Kampala, Dubai na Guangzhou, na kati yao kuna wanawake wanaopanda ndege peke yao, wanapatana bei na wenye maduka, kisha wanarudi na bidhaa.

Kwa hiyo mwanamke anayesafiri peke yake si kitu kigeni kwetu. Kinachoshangaza ni namna tunavyompima. Akiwa na mzigo kichwani, safari yake inasifiwa: ni mama mwenye bidii, analisha watoto. Lakini akiwa na begi dogo tu, anaenda kusoma, kutembelea rafiki, ao kupumzika siku mbili kwenye kisiwa cha Idjwi, maswali yanaanza. Bwana yako yuko wapi? Nani amekuruhusu? Asiyeolewa, mjane na aliyeachana na bwana yake wanaulizwa zaidi, na mara nyingi jina la malaya haliko mbali.

Sheria inasema nini?

Kwa miaka mingi sheria yenyewe ilikuwa upande wa wenye kuuliza. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu 448, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake mbele ya kufanya mapatano yoyote yanayomfunga kisheria. Kwa mama mwenye kutafuta mkopo wa kuendesha biashara yake, neno moja la bwana liliweza kusimamisha yote.

Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Leo sheria inawataka mume na mke wapatane, wote wawili. Ni kweli kwamba bwana bado anaitwa kichwa cha nyumba. Lakini kupatana si kuomba ruhusa.

Tena Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye katika nchi haki ya kutembea kwa uhuru, kuchagua makao yake, kutoka na kurudi, kwa kufuata sheria. Haikuandikwa kwamba haki hiyo ni ya wanaume.

Usalama si kisingizio

Kuna wazazi na mabwana wanaokataa kwa sababu ya woga, na woga huo una msingi. Katika Kivu na Ituri, wanawake wengi wamebakwa ao kuporwa njiani na watu wenye silaha. Hata mpakani, uchunguzi ule wa 2011 ulitaja matusi, malipo yasiyo halali na unyanyasaji wa kingono. Lakini dawa ya njia mbaya ni kuitengeneza njia na kuwaazibu wakosaji. Kumfungia mwanamke nyumbani ni kumuazibu yeye kwa kosa la mwengine.

Wenye kusafiri wana akili zao. Wanaweka feza kwenye simu kuliko kuzibeba mkononi, wanatafuta kufika mbele ya giza, wanaacha kwa dada ao rafiki jina la boti na la mahali watakapolala, na wanatunza kopi ya kadi ya uchaguzi. Wengi wanaweka akiba kidogo kidogo katika AVEC ao likelemba. Feza hiyo ndiyo inayowapa nguvu ya kusema ndiyo ao hapana, kwa kuwa asiye na nauli yake mwenyewe hachagui siku ya kuondoka wala siku ya kurudi.

Kazi iliyobaki ni yetu sote: mwenye hoteli anayekodisha chumba, askari wa kizuizi anayesoma kadi, mchungaji anayehubiri, baba anayelea binti. Mwanamke mkubwa akifika na karatasi zake zimekamilika, swali la haki ni moja tu, lile tunalomuuliza kila msafiri: unaenda wapi? Akiisha kujibu, apite.