Kishapu: Pamba Juu, Almasi Chini
Ukitoka Shinyanga mjini kuelekea Mwanza, unaingia wilaya ya Kishapu: tambarare pana yenye udongo mweusi wa mbuga, unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mvua yenyewe ni haba. Ndiyo maana Wasukuma, walio wengi hapa, hulima pamba, mtama na dengu, na kutenga ngitili, yaani malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi.

Ardhini kuna almasi, iliyogunduliwa Mwadui, wilayani humu, na mwanajiolojia John Williamson mwaka 1940.

Lakini dhahabu ndiyo inayovuta umati. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 272,990 Kishapu nzima. Mkoa jirani wa Geita, wenye migodi ya dhahabu na ulioanzishwa mwaka huohuo, uliongeza watu zaidi ya milioni 1.2 kufikia 2022.