Je, Wajua? Simfoni Bila Tarumbeta

Je, wajua kwamba simfoni nyingi za mwanzo hazikuhitaji ngoma wala tarumbeta? Mjini Milan, Italia, katika miaka ya 1730, Giovanni Battista Sammartini alitunga simfoni za ala za nyuzi pekee. Chelo na besi husoma mstari uleule, ila besi husikika oktava moja chini. Simfoni hizo huwa na sehemu tatu: ya kasi, ya polepole, kisha ya kasi tena. Kwa kuwa zinahitaji ala za nyuzi pekee, zinazifaa okestra ndogo za shule.

Lakini si zote nyepesi! Mwaka 1773, Baron Gottfried van Swieten alimwagiza Carl Philipp Emanuel Bach simfoni sita za nyuzi, akimwambia asijali ugumu. Hizo huwatoa jasho hata mabingwa.