Je, Wajua? Msomaji mdogo aliyeipaisha Eragon

Christopher Paolini alianza kuandika Eragon akiwa na miaka 15, nyumbani kwao Montana, Marekani. Ni riwaya ya kijana wa shambani anayeokota jiwe la buluu porini, kumbe ni yai la joka! Wazazi wa Paolini waliichapisha wenyewe mwaka 2002, naye akainadi mashuleni na maktabani akiwa amevalia shati jekundu, mabuti ya kamba na kofia nyeusi, kama mtu wa enzi za kati. Nakala moja ikamfikia mtoto wa kambo wa mwandishi Carl Hiaasen. Ikamkolea. Hiaasen akawadokeza wachapishaji wake, Knopf, nao wakaitoa upya mwaka 2003. Hakuna mhakiki aliyeifaa riwaya hiyo kuliko mtoto yule.