Meza Ndogo, Depo Kubwa: Kuipangia Kompyuta Swapi kwa Kazi ya Lugha

Anayechunguza lugha za mwambao wetu wa kaskazini ya Ziwa Tanganyika, iwe Kifuliiru cha bonde la Ruzizi na vilima vya Lemera, Kivira cha hapa Uvira au Kibembe cha Fizi, hushughulika na sauti kabla ya maandishi. Lugha hizi, kama nyingi za Kibantu, zina toni, na toni haisomwi kwa macho tu. Kwa hiyo tunarekodi wazee, tunafungua sauti katika Praat, tunaandika maneno yao katika ELAN, na hapo ndipo mashine inapogoma. Kishale kinaganda, feni inapiga kelele, na baada ya dakika chache programu inajifunga yenyewe pamoja na kazi ambayo haijahifadhiwa. Wengi husema kompyuta imezeeka. Mara nyingi tatizo si uzee bali kumbukumbu iliyojaa. Makala hii inaeleza njia moja ya kuipunguzia mzigo bila kununua kitu, yaani swapi, pamoja na mipaka yake.

Hesabu ya saa moja

Tuchukue mahojiano ya saa moja, yaliyorekodiwa kwa njia mbili (stereo), sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 kwa kila sampuli. Kwenye diski faili hilo lina megabaiti 635 hivi. Lakini Praat, inapolifungua kwa njia ya kawaida, hulipakia lote kwenye RAM, na kila sampuli iliyokuwa na baiti 2 hupewa baiti 8. Megabaiti 635 zinakuwa gigabaiti 2.5. Kompyuta nyingi za mitumba tunazotumia wanafunzi zina RAM ya gigabaiti 4. Ondoa sehemu ya mfumo wenyewe, ya kivinjari kilichofunguliwa kurasa kumi, na ya ELAN, ambayo hutumia Java. Hakuna kinachobaki.

Kwenye Linux, kerneli inapokosa kabisa nafasi huchagua programu moja na kuiua ili mfumo mzima usianguke. Kwa kawaida huchagua ile inayokula kumbukumbu nyingi, na kwetu hiyo ndiyo yenye sauti ya mzee. Ukitaka kuhakikisha kama hilo ndilo lililokupata, andika katika terminali:

journalctl -k | grep -i "out of memory"

Ukiona jina la praat au java katika jibu, umeshampata mhusika.

Meza na depo

Fikiria mama anayeuza sokoni. Mezani ameweka vile wateja wanavyoviomba sasa hivi: ndagala, mafuta, chumvi. Vingine viko depo. Mteja akiomba kitu ambacho hakipo mezani, kijana anatumwa depo kukileta. Na kama meza imejaa, lazima arudishe depo kitu ambacho hakijaombwa tangu asubuhi. RAM ni meza. Diski ni depo. Swapi ni kona ya depo iliyotengwa kwa ajili ya vitu vilivyotolewa mezani kwa muda.

Kompyuta haihamishi vitu vyenye ukubwa tofauti. Hukata kumbukumbu katika vipande vilivyo sawa vinavyoitwa kurasa. Kwenye kompyuta zetu nyingi ukurasa mmoja una baiti 4,096. Kerneli huangalia kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda, huziandika kwenye swapi, na nafasi yake humpa anayehitaji. Programu yenyewe haijui kwamba ukurasa wake umehama. Inapouita, kerneli huusimamisha mwendo wake kidogo, huuleta ukurasa kutoka diskini, kisha huiachia iendelee. Wazo hili si geni: kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1962, ilikuwa na kumbukumbu kuu ya maneno 16,384 tu, ikahamisha kurasa za maneno 512 kwenda na kutoka kwenye ngoma ya sumaku. (Wanaisimu wasishtuke: "neno" hapa ni fungu la biti, halina mofimu.)

Tofauti kubwa ni mwendo. Kufikia RAM huchukua kiasi cha nanosekunde 100. Diski ya SSD huchukua kiasi cha mara elfu moja zaidi, na diski ya kuzunguka kiasi cha mara laki moja. Kwa kipimo cha sokoni: ikiwa kuchukua kitu mezani ni sekunde moja, kukileta kutoka SSD ni dakika 17 hivi, na kutoka diski ya kuzunguka ni zaidi ya siku nzima. Kupanua depo hakupanui meza.

Kupanga swapi, hatua kwa hatua

Ninatoa mfano wa Ubuntu na jamaa zake. Kwanza tazama hali ilivyo:

free -h
swapon --show
df -h /

Amri ya kwanza inaonyesha RAM na swapi, ya pili kama swapi ipo tayari na iko wapi, ya tatu nafasi iliyobaki diskini. Tangu toleo la 17.04, Ubuntu huweka swapi katika faili la kawaida badala ya kutenga kipande cha diski, kwa hiyo huenda unayo, ila ni ndogo. Basi tunaongeza faili jingine lenye jina tofauti, hapa /depo, la gigabaiti 4:

sudo dd if=/dev/zero of=/depo bs=1M count=4096
sudo chmod 600 /depo
sudo mkswap /depo
sudo swapon /depo

Mstari wa kwanza unaunda faili na kulijaza sifuri. Wa pili unazuia mtumiaji mwingine yeyote kulisoma. Wa tatu unaliandaa liwe swapi, wa nne unaliwasha. Rudia free -h uone kama nafasi imeongezeka. Ili swapi hii iwake kila unapowasha mashine, ongeza mstari huu mwishoni mwa faili /etc/fstab, baada ya kuweka nakala ya faili hilo kando:

/depo none swap sw 0 0

Kwa RAM ya gigabaiti 4, swapi ya gigabaiti 4 inatosha kazi zetu. Usiiweke swapi kwenye kifimbo cha USB: huchakaa haraka kwa kuandikwaandikwa, na mtu akikichomoa kazi yote huanguka.

Kuna pia kipimo kinachoitwa swappiness, ambacho kwa kawaida ni 60. Baadhi ya mafundi hueleza kwamba maana yake ni "anza kutumia swapi RAM ikifika asilimia 60". Sivyo. Kipimo hicho huiambia kerneli ipendelee kipi inapotafuta nafasi: kuhamisha kurasa za programu, au kutupa nakala za mafaili ilizozishika RAM ili kuharakisha usomaji. Kukishusha hadi 20, kwa mfano, ni kuiambia iziache kurasa za programu mezani kadiri inavyowezekana:

sudo sysctl vm.swappiness=20

Amri hii hudumu hadi uzime mashine, kwa hiyo ni rahisi kujaribu na kulinganisha.

Wanaotumia Windows wanayo swapi pia, katika faili la pagefile.sys, na mfumo huipanga wenyewe. Akija mtu akakushauri uizime ili mashine iwe nyepesi, usikubali.

Kijana anapochoka kukimbia

Swapi husaidia pale ambapo vitu vingi vimelala: kivinjari usichokitazama, faili la jana. Haisaidii ikiwa kila kilicho depo kinaombwa kwa wakati mmoja. Hapo kijana anashinda akikimbia kati ya meza na depo, na hakuna kinachouzwa. Andika vmstat 1 na utazame safu za si na so, yaani kurasa zinazoingia na zinazotoka. Zikiwa sifuri au zikipanda mara mojamoja, ni sawa. Zikibaki juu mfululizo, punguza mzigo. Katika Praat chagua "Open long sound file": sauti hubaki diskini, na unachukua tu sehemu unayoichambua. Kata mahojiano katika vipande vya robo saa. Kama mzungumzaji ni mmoja, njia moja (mono) inatosha na hupunguza mzigo kwa nusu.

Sauti za watu si zetu peke yetu

Jambo la mwisho la kiufundi ni la kimaadili pia. Kilichohamishwa kwenda swapi kimeandikwa diskini, na hakifutiki kwa sababu umefuta faili la sauti. Katika mkoa wetu, mzee anayesimulia hadithi ya kisima hujikuta anasimulia vita, wakimbizi, na majina ya watu walio hai. Tulimwahidi kwamba tutalinda maneno yake. Mashine ikiibiwa au ikiuzwa, vipande vya maneno hayo vinaweza kuwa bado vimo. Amri ya chmod hapo juu humzuia mtumiaji mwingine wa mashine hiyohiyo; haimzuii mwizi aliyeichomoa diski. Dawa ya kweli ni kusimba diski nzima kwa nenosiri wakati wa kusakinisha mfumo, swapi ikiwa ndani yake.

Wala swapi si akiba. Umeme ukikatika na betri ikiwa imekufa, kilichokuwa ndani yake hakirudi. Washa nakala za kujiendesha katika ELAN, na hifadhi nakala ya sauti mahali pengine siku ileile uliyorekodi.

Juu ya jina

Nimeandika "swapi" kwa kukosa la afadhali. "Ubadilishanaji" halifai: kiambishi -an- kinadai pande mbili zinazopeana, na hapa RAM haipewi zawadi na diski. Kinachotendeka ni kuhamisha, na kitenzi hicho kina mnyumbuliko tunaouhitaji: kurasa huhama, huhamishwa, huhamia. Ningependekeza "eneo la kuhamia" kwa swapi na "uhamishaji wa kurasa" kwa kazi yenyewe. Walimu na wenzangu wenye pendekezo bora walilete. Jina zuri litasaidia kumfundisha jambo hili mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kabla hajaenda Lemera na kinasa sauti chake.