Mtoto, Simu na Televisheni: Tufanyeje Nyumbani?

Katika kuzungukia jumuiya ndogo ndogo za Kaptembwo, Rhonda na Free Area, swali moja tumeulizwa mara nyingi kushinda hata yale ya mbolea na mikopo ya vikundi: huyu mtoto anayelia mpaka apewe simu, tumfanyeje?

Kwanza tusilaumiane. Mama wa Karagita anayetoka alfajiri kwenda kuchuma maua kule Naivasha akirudi jioni hukuta maji hayajachotwa, jiko halijawashwa, na mtoto anamng'ang'ania sketi. Anampa simu ili apate kusonga ugali. Anayetaka kumlaumu na ajitolee kumbeba huyo mtoto nusu saa.

Hata hivyo yafaa tujue kinachotendeka. Mwezi wa Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asiketishwe mbele ya simu wala televisheni. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Kwa nini wakali hivyo? Sababu kubwa ni lugha. Mtoto akisema "ba", nawe ukamjibu, "Ee, baba ameenda kazini," amejifunza kwamba sauti yake inaleta jibu. Hivyo ndivyo maneno yanavyoingia, kwa kupokezana. Katuni haimpokei. Inasema tu, iwe amesikia au hajasikia. Tena televisheni iliyoachwa ikinguruma bila mtu wa kuitazama huwafanya wakubwa waseme maneno machache zaidi na mtoto. Kumpigia baba aliye Qatar kwa video ni jambo tofauti kabisa: pale mtoto anaitwa jina, anajibiwa, anachekewa. Msimnyime hiyo.

La pili ni usingizi. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji saa 10 hadi 13, pamoja na ule wa mchana. Mwanga wa simu karibu na macho pamoja na msisimko wa picha huuchelewesha, kwa hiyo zimeni kama saa moja kabla ya kulala. Tunajua, nyumba nyingi ni chumba kimoja na baba anataka mpira. Basi pazia livutwe, sauti ipunguzwe, na mtoto alale akiwa ameelekea ukutani. Si kamili, lakini inasaidia.

Na mbona hakubali kuacha? Programu za video kwenye simu hupangwa ili moja ikiisha nyingine ianze yenyewe, maana wenyewe hulipwa na matangazo kadiri mtu anavyozidi kutazama. Hata mtu mzima hushindwa, sembuse mtoto wa PP1! Zimeni hiyo ya kujiendesha katika mipangilio ya simu. Au pakueni kipindi kimoja, kisha mzime data. Kikiisha kimekwisha, na bando nalo limepona.

Cha kutazama kipo kizuri. "Akili and Me", kilichotengenezwa Tanzania kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, kinapatikana kwa Kiswahili. Keti naye, umwulize, "Huyo ni nani? Anahesabu nini?" Dakika ishirini za namna hiyo zina faida kuliko saa mbili za peke yake. Kumbukeni pia kwamba hapa Kenya vituo vya televisheni vimekatazwa kuonyesha mambo ya watu wazima kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku. Sinema iliyowekwa kwenye flashi pale mtaani haijui saa.

Siku ya kupunguza, mwambieni mapema: wimbo huu ukiisha, tunazima. Atalia. Pengine wiki nzima. Ukimrudishia simu kwa sababu ya kilio, umemfundisha kulia zaidi. Shosho na kaka wakubwa wakubaliane nanyi, la sivyo atawazunguka. Badala yake mpe kazi: kutoa minji kwenye maganda, kupanga sufuria, kuosha viazi. Kazi itachelewa, lakini mtaongea. Nje kuna kalongolongo, bano na gurudumu la kusukuma.

Wanaolea watoto wengi katika chumba kimoja cha kulipia kwa siku nao tunawasihi: televisheni isiwe yaya. Wazazi, mnapompeleka mtoto, ingieni ndani mwone kinachowashwa.

Jambo moja msilikawishe. Mtoto akifika miaka 2 bila kuunganisha hata maneno mawili, msiseme tu ni katuni. Huenda hasikii vizuri, hasa kama ametokwa na usaha masikioni. Mpelekeni kliniki na kile kijitabu cha mama na mtoto, maana ndani yake mna hatua za ukuaji. Kutoka kliniki anaweza kutumwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ile wengi bado wanaiita PGH. Pia kuna vituo vya EARC, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984, ambavyo huwapima watoto wenye shida ya kusikia na kusema. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu nanyi aweza kuwaelekeza.